Jeki ya lori: tani kwenye stika sio habari yote

Swali ninaloulizwa kila mara ni "fundi, nichukue ya tani ngapi?" na mi huwa sijibu hapo hapo, nauliza kwanza, hiyo gari ukishaipandisha unataka ikae juu muda gani? Watu wananishangaa. Lakini kupandisha hata jeki mbovu inapandisha, shughuli ni kubaki pale pale ilipofika wakati wewe umeshatoa nati zote kumi na mikono iko kwenye ngoma ya breki.

Kuna siku nilinunua jeki ya chupa, ile fupi inayosimama wima kama chupa, mpya kabisa, rangi inang'aa, imeandikwa tani 20. Nikaiweka chini ya ekseli ya nyuma ya tipa, tena tipa tupu, ikapanda vizuri sina neno. Nikatoa tairi la nje, nikaenda kuvingirisha lingine nililokuwa nimeliegesha pembeni, hata dakika tano hazijaisha narudi nakuta lile la ndani, ambalo nililiacha na nafasi ya vidole vitatu kutoka chini, limeshagusa udongo. Naangalia jeki nje, kavu, hakuna hata tone. Na hapo ndo wengi wanapokosea, wanadhani jeki mbovu ni ile inayolowana mafuta, kumbe ile unayoiona inavuja angalau imekwambia ukweli. Hii nyingine inavujia ndani kwa ndani, mafuta yanatoka chini ya pistoni kubwa yanarudi kwenye tangi lake mdogomdogo na wewe huoni kitu.

Ngoja nieleze kidogo ndani kukoje maana ukielewa hapo huwezi kudanganywa dukani. Kuna pistoni ndogo, hiyo ndo unaipampu kwa mpini, na pistoni kubwa inayobeba gari. Presha ya mafuta ni ile ile pande zote mbili, kwa hiyo ile kubwa inapata nguvu mara nyingi zaidi kulingana na ukubwa wa uso wake (wazo lenyewe ni la zamani sana, Joseph Bramah wa Uingereza alipewa hataza ya mashine ya kukandamiza ya namna hii mwaka 1795, hadi leo hatujabadilisha kitu cha maana). Chukua mfano, pistoni ndogo kipenyo milimita 12 na kubwa milimita 60, hapo uso wa kubwa ni mara 25. Mpini nao ukikuzidishia mara 16, jumla mara 400, yaani ukikandamiza kwa nguvu ya kilo 50 unainua tani 20, ukiacha msuguano. Ila hakuna cha bure, pistoni ndogo ikishuka milimita 25 ile kubwa inapanda milimita moja tu! Kupandisha sentimita 15 ni kupampu mara 150. Kwa hiyo ukiona jeki ya tani nyingi inakwenda polepole usiilaumu, na ukiona imeuzwa na mpini mfupi kama wa spana jua utalala juu yake huku jasho linakutoka. Pia angalia unene wa pistoni kubwa, ikiwa nyembamba kwa tani zile zile maana yake presha ndani ni kubwa zaidi na sili (zile raba zinazozuia mafuta yasipite) zinateseka.

Kati ya hizo pistoni mbili kuna vigoroli vidogo vya chuma vinavyoruhusu mafuta kwenda njia moja tu, halafu kuna ile skrubu ya kushushia. Kigoroli kikikaa vibaya kwenye kiti chake, au kichenga cha chuma kikabaki hapo tangu kiwandani, mafuta yanarudi. Basi. Ndo ugonjwa wote wa tipa yangu.

Sasa dukani, au popote unaponunua, omba kuipima ikiwa na mzigo. Kupampu hewani hakuonyeshi kitu. Weka chini ya gari zito, pandisha, acha kupampu, chukua futi upime kutoka chini hadi kwenye ekseli, kaa dakika 10 piga stori, pima tena (na wakati huo mtu asiingie chini ya hiyo gari). Ikishuka rudisha, usikubali kuambiwa "ni mpya bado haijazoea". Ishushe nayo taratibu uone kama skrubu inakupa kushuka kidogokidogo au inaachia yote kwa pamoja, ikiachia kwa pamoja ni hatari kuliko hata kushuka yenyewe. Halafu pandisha pistoni hadi mwisho upitishe kucha juu yake kuzunguka, kucha ikikwama kwenye kikwaruzo au kidoa cha kutu, hicho hicho ndo kitakuja kukata sili.

Tani sasa. Ekseli ya nyuma ya lori iliyobeba inaweza kuwa na tani 10, na ukiinua upande mmoja unachukua kama nusu, ndo mtu anasema basi ya tani 5 inatosha. Haitoshi. Mzigo hauko sawa pande zote, barabara imeinama, gari likilala kidogo uzito unahamia kwako. Mi nachukua mara mbili ya hesabu na zaidi, hapo naingia na ya 20 bila kufikiria.

Lakini kinachoangusha wengi hata sio tani, ni urefu wa jeki ikiwa imefungwa. Jeki nyingi za chupa za tani 20 zina sentimita 24 hivi zikiwa chini, na watu wanapima nafasi chini ya ekseli gari likiwa limesimama na upepo tairi zote. Pancha la mbele likitokea ekseli inashuka, jeki haiingii, unabaki unachimba shimo barabarani. Pima tairi likiwa halina upepo. Au tembea na ubao mnene wa kupandishia hilo tairi kwanza.

Jeki za troli, zile za kulala zenye magurudumu, ni nzuri kwenye sakafu ngumu tu. Mkono wake unapanda kwa kupinda kama upinde, kwa hiyo jeki inabidi ijivute yenyewe kwa magurudumu, kwenye mchanga magurudumu yanazama na kikombe kinachobeba gari kinaanza kuteleza kwenye ekseli. Za upepo, kama una kompresa au unachota kwenye lori lenyewe, zinaokoa mkono sana, ila maji yanayokuja na upepo yanazila kwa kutu.

Stendi (ile miguu ya chuma ya kuegeshea gari iliyopandishwa) na kuzuia magurudumu sitaeleza kwa urefu, usiingie chini ya gari iliyobebwa na jeki peke yake, hata jeki niliyoisifia mimi.

Mafuta, weka ya haidroli mepesi kama kitabu chake kinavyosema, mara nyingi namba 22 au 32 (namba ya uzito wa mafuta), ujaze pistoni ikiwa chini kabisa hadi usawa wa tundu. Mafuta ya breki hapana, yanavimbisha zile sili za kawaida zinakuwa laini kama ubani uliotafunwa. Na uulize kama ripea kiti yake, yaani seti ya sili za kubadilisha, inapatikana, jeki isiyo na sili za kubadilisha ni ya kutupa.

Ile ya tipa niliifungua baadaye. Chini ya kigoroli kimoja nikakuta kichenga chembamba kama ncha ya sindano, nikasafisha, nikaweka kigoroli kipya nikakigonga mara moja na kipande cha shaba kikae kwenye kiti chake. Tangu siku hiyo haijashuka hata milimita, ila chini ya gari sijairudisha, natolea nayo bushi kwenye presi ya gereji.