Kutu ya nondo: tunayoambiana saiti na mambo yalivyo

"Nondo ikishafunikwa na zege, imepona." Maneno haya yamebomoa baraza nyingi za Pwani. Zege haliilindi nondo kwa kuifunika tu. Simenti ina ualkali mkali, pH 12.5 hadi 13, na humo chuma hujivika utando mwembamba mno unaozuia kutu. Chumvi huutoboa. Hewa ya ukaa nayo hupenya taratibu, mwaka hadi mwaka, ikishusha ualkali mpaka utando unatoweka. Kutu hujaza nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilicholiwa, ndiyo maana zege hupasuka kufuata mstari wa nondo.

"Nguzo ya gati huoza chini, kwenye maji." Huoza zaidi pale wimbi linapoilowesha na jua kuikausha: chumvi inajilundika, na oksijeni ipo tele.

"Mchanga wa ufukweni ukianikwa, chumvi huisha." Kinachoondoka ni maji.

"Nondo ya kahawia ni mbovu." Kutu nyepesi ya kuchafua viganja haina neno. Yenye magamba ndiyo isuguliwe kwa brashi ya waya. Ikiwa imekonda, irudi dukani.

Ninayogombana nayo kila mara ni hii: "Kava ikiwa ndogo, plasta itasaidia." Kava ni unene wa zege kutoka nondo hadi uso wa nje. Plasta hupitisha unyevu na chumvi, na haihesabiwi kuwa kava. Niliwahi kubandua slabu ya kibaraza karibu na bahari. Nondo ilikuwa na kava ya milimita 8, na ilimenyeka tabaka tabaka kama kitunguu. Mafundi waliiinua kwa kokoto, watu wakaikanyaga wakati wa kumwaga zege, kokoto zikachomoka. Biskuti za zege (vipande vidogo vya kuinulia nondo) za milimita 50, zikafungwa kwa waya, kesi ingekwisha. Na maji ya kukorogea: mfuko wa kilo 50 usizidi lita 25, ukihesabu na unyevu uliomo mchangani (hapa ndipo fundi hununa, maana zege linakuwa gumu kusambaza). Maji ya ziada yakikauka huacha vinjia vya chumvi kupitia. Kisha mwagilia siku 7, si jioni mbili.

"Ufa ziba, paka rangi." Ndani kutu inaendelea. Chimba mpaka kidole kizunguke nyuma ya nondo, sugua hadi chuma king'ae, ndipo uzibe. Hata hivyo, zege la jirani likiwa limeshaingia chumvi, kutu itaanza upya pembeni mwa kiraka.