Shamba dogo huzaa zaidi? Inategemea nani kapima

Kuna swali ambalo sisi wachumi wa kilimo tumelivutania kwa zaidi ya nusu karne: ukilinganisha ekari kwa ekari, nani anavuna zaidi, mwenye shamba dogo au mwenye kubwa? Ukiuliza mtaani utaambiwa ni mwenye kubwa, maana ana trekta na mbolea. Takwimu, kwa muda mrefu, zilisema kinyume.

Mwaka 1962 mchumi wa India, Amartya Sen, alichambua takwimu za mashamba ya India zilizokusanywa miaka ya 1950, akaonyesha kuwa kadiri shamba linavyokuwa kubwa ndivyo mavuno kwa ekari yanavyopungua. Mantiki yake ilifanana na ya Chayanov, Mrusi aliyeandika miaka ya 1920 juu ya kaya za wakulima (akaja kuuawa kwa risasi mwaka 1937, zama za Stalin, fani yetu haikuanza jana kuwaudhi wakubwa). Mwenye ekari moja halipi mshahara. Analima yeye, mke na watoto, na palizi ya tatu haimgharimu shilingi. Mwenye ekari hamsini anaajiri vibarua, anawasimamia, na kila palizi anaipigia hesabu. Matokeo ya namna hiyo yakaonekana Asia, Amerika ya Kusini, kisha Afrika, yakawa nguzo ya hoja za kugawa ardhi: wape wadogo, utapata haki na chakula kwa pamoja.

Sasa tuangalie hiyo namba yenyewe. Tija ya ardhi ni kugawanya tu: juu kilo, chini ekari. Na kwa miaka mingi vyote viwili tulivipata kwa kumwuliza mkulima.

Tuanze na ekari. Vijijini kwetu ekari ni hatua sabini kwa sabini, na hatua ni za aliyekuwa anapima siku hiyo. Mteremko, kona na njia ya mifugo havimo kwenye hesabu. Watafiti Carletto, Savastano na Zezza walitumia takwimu za Uganda ambako viwanja vilipimwa pia kwa GPS, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Wenye mashamba madogo walikuwa wakiyataja makubwa kuliko yalivyo, na wenye makubwa wakiyapunguza. Ukisahihisha hapo, mwenye shamba dogo anazidi kung'ara, kwa sababu kilo zilezile zinagawanywa kwa eneo dogo zaidi. Wengi wakaona mjadala umekwisha.

Kumbe ilikuwa nusu ya kazi. Zilibaki kilo.

Mdadisi anafika na dodoso lake miezi kadhaa baada ya mavuno, anauliza: ulivuna magunia mangapi? Gunia lipi? La kilo mia, au lumbesa lililoshonewa kilemba juu? Limejaa punje, au magunzi bado yamo? Na yale mahindi mabichi waliyochoma watoto wiki tatu kabla ya kuvuna, yamo? Mkulima si mwongo. Anajibu kama ambavyo wewe ungejibu ukiulizwa mwaka jana ulikula kilo ngapi za sukari: anakadiria, kisha anafikisha kwenye namba kamili.

Huko kufikisha ndiko kwenye sumu. Chukua mkulima aliyezidisha gunia moja. Kama shamba lake ni ekari nne, tija yake imepanda kwa robo gunia kwa ekari, haionekani hata. Kama ni robo ekari, imepanda kwa magunia manne kwa ekari. Kosa lilelile, mdomo uleule, lakini mwenye kiwanja kidogo ametoka bingwa wa wilaya. Ukikusanya kaya elfu za namna hiyo, kompyuta itakuchorea mstari mzuri kabisa unaoshuka kadiri shamba linavyokua, hata kama shambani hakuna kitu cha namna hiyo.

Dawa yake ni ya zamani. Wanatakwimu wa India, Mahalanobis na Sukhatme, waliijenga katika miaka ya 1940: chagua sehemu ya shamba kwa bahati nasibu, izungushie kamba, vuna kila kilichomo, kausha, weka kwenye mizani. Gourlay, Kilic na Lobell waliifanya kwenye mashamba ya mahindi mashariki mwa Uganda, wakachapisha mwaka 2019. Kwa majibu ya wakulima, shamba dogo lilikuwa na tija kubwa zaidi, kama kawaida. Kwa mizani, tofauti ile ikatoweka. Desiere na Jolliffe walikwisha kuona hivyohivyo Ethiopia mwaka 2018.

Hapa nataka niwahi kabla mtu hajaikimbiza habari hii kwa mwekezaji. Kutoweka kwa uhusiano huo hakumaanishi kuwa mashamba makubwa ni bora. Takwimu hizi ni za wakulima wadogo wakilinganishwa wao kwa wao. Hazina neno lolote juu ya shamba la ekari elfu tano. Anayezitumia kutetea kuwahamisha watu ardhini anazisemesha kisichokuwamo. Pia mjadala bado una pumzi: Bevis na Barrett, kwa takwimu za Uganda hiyohiyo, walionyesha kuwa ukingo wa shamba huzaa vizuri kuliko katikati, na shamba dogo karibu lote ni ukingo, kwa hiyo huenda lina ubora wake wa kweli.

Upande wa nguvukazi hali ni hiyohiyo, na mfano uko kwetu Tanzania, mkoani Mara. Arthi, Beegle, De Weerdt na Palacios-López waligawa kaya katika makundi. Baadhi zilitembelewa kila wiki kuulizwa saa za kazi shambani, nyingine zikapigiwa simu kila wiki, nyingine zikasubiri mwisho wa msimu kama ilivyozoeleka. Waliosubiri walitaja saa nyingi, hadi mara nne ya waliotembelewa, kwa kila mtu na kila kiwanja. Wakati huohuo walisahau baadhi ya viwanja na baadhi ya watu, hivyo ukijumlisha kaya nzima makosa yanafunikana kiasi. Ukishuka kwa mtu mmojammoja, mkulima anaonekana anashinda shambani kutwa bila tija, ilhali saa zile hakuzifanya. Sera ngapi za "kumtoa mkulima kwenye jembe" zimejengwa juu ya saa za namna hiyo?

Setilaiti zinasaidia kukadiria mavuno. Katika viwanja vya Uganda picha zake zililinganishwa na mavuno yaliyopimwa, na matokeo yalitia moyo, hasa pale mahindi yalipopandwa peke yake. Mseto wa mahindi na maharage bado ni mtihani, na mseto ndio kilimo cha wengi.

Kwa hiyo siku hizi nikipokea ripoti ya tija naanza na sura ya mbinu kabla ya majedwali. Natafuta mambo matatu: ekari zilipimwaje, kilo zilipimwaje, na mkulima aliulizwa saa zake lini. Yakikosekana yote, majedwali nayaruka. Na anayepanga utafiti kwa bajeti finyu akiniomba ushauri, namwambia apunguze idadi ya kaya, fedha inayobaki anunue mizani na vocha za simu za kuwapigia wakulima kila wiki. Wafadhili hawaupendi ushauri huu, maana "kaya elfu tano" inapendeza kwenye jalada kuliko "kaya mia sita zilizopimwa".