Hamsini ya Mangi: tunayoyaamini kuhusu chenji na hali ilivyo

"Siku hizi sarafu hainunui kitu." Wanaosema hivi mara nyingi ni watu wasiopanda daladala. Desemba 2023 nauli ya daladala jijini Dar es Salaam kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka shilingi 500 hadi 600, na ya mabasi ya mwendokasi ikafika 750. Mwanafunzi akabaki na 200 yake. Hakuna hata moja kati ya nauli hizo inayolipika kwa noti peke yake, maana noti ndogo kuliko zote sasa ni ya 1,000. Zamani nauli ilipokuwa jero, yaani 500, konda aliyeishiwa chenji alikuwa anawapa abiria wawili noti ya buku, yaani 1,000, anawaambia wagawane, basi wanashuka pamoja kutafuta wa kuwachenjia. Kwa nauli ya 600, kila aliyetoa buku anadai 400. Mpaka deni lifike noti kamili bila chenji ya ziada, wawe watano wanaogawana elfu mbili. Haya, wapange watano hao kituoni Mbagala saa kumi na mbili jioni.

"Noti ya mia tano bado ni hela, ila wenye maduka wana jeuri." Hapana. Noti ya 500 ilikuwa inachakaa upesi kwa sababu ilipita mikono mingi mno, na mwaka 2014 Benki Kuu ikaleta sarafu ya 500, ile yenye sura ya Karume upande mmoja na nyati upande wa pili. Noti ya 500 iliyotolewa 2010, pamoja na noti za zamani za kati ya 1985 na 2003, zilipewa muda wa kubadilishwa hadi tarehe 5 Aprili 2025. Muda umepita, kwa hiyo Mangi, mwenye duka la mtaani, akikurudishia hiyo noti hajakosea. Anakosea pale anapokataa sarafu ya 50 yenye faru eti nayo "imefutwa". Tangazo la Benki Kuu la kuziondoa noti hizo lilihusu noti tu, sarafu halikuzigusa.

"Pipi nayo ni chenji." Hii ndiyo yenye mizizi mirefu kuliko zote, na inaota zaidi kwa sababu hutamkwa kwa upole: "Mama, chukua pipi hizi mbili, sina mia." Nani agombane kwa ajili ya mia mbele ya watu? Lakini piga hesabu. Pipi inayouzwa 50 mwenye duka hakuinunua kwa 50. Aliichukua kwa jumla, kwa bei ya chini, la sivyo asingeiuza. Kwa hiyo anapokupa pipi mbili badala ya mia, amelipa deni lake kwa pungufu, na papo hapo amekuuzia bidhaa ambayo hukuiomba. Anayetaka kujua kama pipi ni hela afanye jaribio moja: akusanye pipi kumi, kesho azipeleke duka lile lile akanunulie chumvi. Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006 imeiachia taasisi hiyo peke yake kazi ya kutoa noti na sarafu, na sijaona humo pahala panapotaja bablishi wala kiberiti. Mteja ana haki ya kukataa, na kukataa si uchoyo. Njia ya kistaarabu ipo na ni ya siku nyingi: Mangi aandike kwenye daftari kwamba unadai mia, kama anavyoandika wewe unapodaiwa. Ajabu ni kwamba daftari lile huwa na kurasa nyingi za upande mmoja tu.

"Simu imemaliza habari za chenji." Kwa kiasi fulani, ndiyo. M-Pesa iko Tanzania tangu 2008, na ukilipa kwa simu unalipa hadi shilingi ya mwisho bila mtu kukwambia hana mia. Tatizo ni ukubwa wa manunuzi yenyewe. Mtu anayenunua kitunguu kimoja, kiberiti na mafuta ya kupima, akituma hela kwenye namba ya kawaida ya mwenye duka, ada humla. Kwa kuwa ada hupangwa kwa makundi ya viwango, kiasi kidogo ndicho kinachoumia zaidi. Lipa Namba, ile namba maalumu ya kupokelea malipo ya biashara, hupunguza adha hiyo kwa mteja, lakini Mangi naye ana mtu wa mkokoteni anayetaka taslimu, na akienda kutoa hela kwa wakala anakatwa. Serikali ilipoweka tozo ya miamala ya simu Julai 2021 kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba Septemba mwaka huo huo ikapunguzwa kwa asilimia 30.

"Kuongeza hamsini hakumuumizi mtu." Kitu cha 150 kikiuzwa 200 kwa sababu tu hamsini hazipatikani, bei imepanda kwa theluthi nzima. Ukiacha hamsini dukani kila siku, kwa mwaka umeacha 18,250. Na kuna kupanda kwa bei kusikoonekana: fungu la nyanya hubaki jero mwaka mzima, ila nyanya zilizokuwa tano zinakuwa nne. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo ya petroli kila mwezi hadi shilingi moja moja, ingawa shilingi moja huwezi kumkabidhi mtu. Dereva wa bodaboda haisumbukii hiyo. Anasema "weka ya elfu tano" na pampu inamkatia mafuta kwa hesabu. Gengeni hakuna pampu, kuna mkono wa muuzaji.

Na wale wanaoona sarafu ni mzigo wa mfukoni tu, wapite asubuhi kwenye vituo vikubwa vya daladala Dar. Wamo vijana wamezipanga sarafu mezani kwa mafungu, wanauza chenji. Konda anatoa noti, anapokea sarafu pungufu ya noti aliyotoa, anaziingiza mfukoni bila kulalamika na kuanza kuita abiria.