Je, Wajua Kwa Nini Vijitabu vya Vita vya Uingereza Vilitoka kwa Siku Moja, na Kumbukumbu za Vita Hivyo Zikangoja Zaidi ya Karne?

Hapa Mombasa gazeti halina umri mrefu. Asubuhi husomwa barazani kwa sauti, vikombe vya kahawa chungu vikizunguka, na kabla ya magharibi limekwisha kuwa karatasi ya kufungia viazi karai na bajia. Karatasi za siasa zilizochapwa London wakati Waingereza walipopigana wenyewe kwa wenyewe, wafuasi wa mfalme na wa Bunge, kuanzia mwaka 1642 hadi 1651, zilikuwa na mwisho wa namna hiyo hiyo, kwani waokaji walizitandika chini ya vyakula vyao. Hata hivyo maelfu ya vijitabu hivyo bado vipo na vinasomeka leo, ilhali kumbukumbu walizoandika watu walioviona vita hivyo kwa macho yao, ambazo mtu angetarajia ndizo zienziwe, nyingi hazikupigwa chapa mpaka wajukuu wa waandishi walipokwisha kufa. Kwa nini ikawa hivyo?

Jibu linaanzia kwenye karatasi yenyewe. Karatasi moja kubwa, ikichapwa pande zote mbili na kukunjwa mara mbili, huwa kijitabu cha kurasa 8. Haikuhitaji jalada, uzi na sindano vilitosha. Watu wawili kwenye mtambo wa mkono, mmoja akipaka wino na mwingine akivuta mpini, waliweza kuchapa upande mmoja wa karatasi karibu 250 kwa saa. Ukipiga hesabu utaona kwamba nakala elfu moja zingekamilika kwa siku moja ya kazi ngumu, na jambo lililosemwa bungeni juzi likauzwa njiani leo, kwa bei ambayo hata mwanafunzi wa fundi aliimudu.

Wepesi wa kuchapa, hata hivyo, ulikuwapo tangu zamani. Kilichokuwa kimeizuia mikono ya wapiga chapa ni woga. Mwaka 1637 watu watatu, William Prynne, Henry Burton na John Bastwick, walikatwa masikio hadharani kwa sababu ya maandishi yaliyowashambulia maaskofu. Mwaka uliofuata kijana John Lilburne, aliyeshtakiwa kwa kuingiza nchini vitabu visivyo na idhini, alifungwa nyuma ya gari na kuchapwa mijeledi njia nzima hadi Westminster. Aliyetoa hukumu hizo ni mahakama ya mfalme iliyoitwa Star Chamber. Bunge lilipoivunja mwaka 1641, kizuizi cha uchapaji kikaanguka pamoja nayo, na kufikia mwaka 1642 idadi ya machapisho yanayojulikana ya mwaka mmoja tu ilikaribia 4,000. Bunge lenyewe likashtuka kwa mafuriko lililoyafungulia mlango: mwaka 1643 likarudisha sharti la kibali, na ndipo John Milton alipolijibu mwaka 1644 kwa kijitabu cha kutetea uhuru wa kuchapa, ambacho nacho hakikuombewa kibali.

Waliotumia nafasi hiyo kwa ukali zaidi ni kundi lililoitwa Levellers, yaani wasawazishaji, jina walilobandikwa na maadui zao. Walidai watu wengi zaidi wapige kura, sheria iwe moja kwa tajiri na maskini, na mtu asilazimishwe katika dini. Lilburne, ambaye sasa aligombana na Bunge kama alivyogombana na mfalme, aliendelea kuandika akiwa gerezani, na maandishi yake yakatoka nje yakachapwa. Richard Overton aliendesha mtambo wa siri. Alipokwisha kukamatwa, mkewe Mary alikutwa akishona kurasa za vijitabu, akaburutwa barabarani hadi gerezani huku amempakata mtoto mchanga. Mwaka 1649 viongozi wa kundi hilo walipofungwa, wanawake wa London walipeleka bungeni ombi lililochapwa la kutaka waachiliwe, nao wakaambiwa warudi nyumbani wakaoshe vyombo. Maandishi ya aina hii hayawezi kungoja: msomaji wake ni umati wa leo, na mfungwa anayeombewa huenda kesho akanyongwa.

Mwandishi wa kumbukumbu ana msomaji mwingine. Lucy Hutchinson alikuwa mke wa kanali John Hutchinson, mlinzi wa mji wa Nottingham upande wa Bunge, mmoja wa waliotia saini hati ya kumuua Mfalme Charles wa Kwanza, aliyekatwa kichwa tarehe 30 Januari 1649. Ufalme uliporudi mwaka 1660 kanali huyo alisamehewa, kisha akakamatwa tena, akafia kizuizini mwaka 1664. Mjane wake aliandika maisha ya mumewe kwa ajili ya watoto wao. Ann Fanshawe, ambaye mumewe alimtumikia mfalme, aliandika mwaka 1676 kwa ajili ya mwanawe. Msomaji wa pwani hatashangaa, kwani Mwana Kupona naye, mjane wa Bwana Mataka wa Siu aliyepambana na masultani wa Unguja, alimtungia binti yake utendi mwaka 1858, si soko. Maandishi ya Lucy yalichapwa mwaka 1806, na ya Ann mwaka 1829.

Kulikuwa na sababu nyingine juu ya hiyo. Sheria ya msamaha ya mwaka 1660 iliamuru kusahau: kwa miaka 3 lilikuwa kosa kutumia maneno ya kashfa yanayofufua kumbukumbu za ugomvi uliopita. Mwaka 1662 ukaguzi wa vitabu ukarudishwa rasmi. Edmund Ludlow, muuaji mwingine wa mfalme kwa saini, aliandika akiwa ukimbizini Uswisi na akafa huko mwaka 1692. Kumbukumbu zake zilipochapwa mwaka 1698, mhariri alikuwa amezikatakata na kumvua Ludlow ucha Mungu wake mwingi, jambo lililothibitika mwaka 1970 sehemu ya mswada wa asili ilipopatikana katika ngome ya Warwick. Hofu, lakini, haielezi kila kitu. Margaret Cavendish, aliyekuwa upande wa mfalme, alichapisha habari za maisha yake mwenyewe mwaka 1656, wakati Oliver Cromwell, jemadari wa upande wa Bunge, bado anatawala. Kwa maoni yangu, yeye alitaka kusomwa na wageni, na wenzake hawakutaka.

Tofauti hii ya mwendo imewahi kuonekana hata kwa mwandishi mmoja, tena wa mji wetu. Abdilatif Abdalla wa Mombasa aliandika mwaka 1968 kijikaratasi kilichoiuliza serikali «Kenya: Twendapi?», nacho kilisambazwa papo hapo na kumfunga miaka mitatu. Mashairi ya machungu yake aliyaandika kwa siri ndani ya gereza, kwenye karatasi za chooni, na wasomaji waliyapata mwaka 1973, baada ya yeye kutoka.

Bado hatujasema ni nani aliyeviokoa vijitabu vya London visiishie jikoni. Ni muuza vitabu George Thomason, mwenye duka karibu na kanisa la Mtakatifu Paulo, ambaye kuanzia mwaka 1640 hadi 1661 alikusanya machapisho yapatayo 22,000, ya pande zote mbili, akiandika kwa mkono kwenye mengi yake tarehe aliyoyapata. Majeshi yalipokaribia aliyahamisha yafichwe. Mwaka 1762 Mfalme George wa Tatu aliutoa mkusanyo huo kwa Jumba la Makumbusho la Uingereza. Juzuu moja ina madoa. Mwaka 1647 Charles wa Kwanza, akiwa mateka wa jeshi, alitaka kusoma kijitabu kilichomo humo, Thomason akamwazima, na njiani juzuu hiyo ikaanguka matopeni. Thomason mwenyewe aliandika ndani yake jinsi tope hilo lilivyoingia.