Je, wajua kwa nini shule inapigwa faini kwa kuposti picha ya mtoto lakini mzazi haguswi?

Mwaka 2023 Kenya, ofisi ya Kamishna wa Data iliipiga shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila ruhusa ya wazazi. Milioni nne na nusu jamani. Lakini mzazi wa mtoto huyohuyo angeweza kufika nyumbani jioni akamwaga mapicha ya mwanawe Facebook, kuanzia kuogeshwa mpaka kulazwa hospitali, na asiulizwe na mtu.

Jibu liko kwenye sheria yenyewe, ile ya Kenya ya 2019 ya kulinda data, yaani taarifa za watu. Kifungu cha 33 kinasema taarifa za mtoto zisitumike mpaka mzazi au mlezi akubali, na iwe kwa faida ya mtoto. Yaani mzazi ndiye askari wa getini. Halafu kifungu cha 51 kinaacha nje mambo ya mtu binafsi na ya nyumbani kwake, na hapo ndo tunapopenyea sote. Sasa askari mwenyewe akiwa ndiye anatoa mali nje, nani apige filimbi?

Na hiyo "nyumbani" inaishia wapi? Uholanzi mwaka 2020 bibi mmoja aligoma kufuta picha za wajukuu zake Facebook na Pinterest, binti yake akampeleka kortini. Jaji akaona kama picha huenda zinafikiwa na watu baki basi hayo si ya nyumbani tena, afute ama alipe yuro 50 kila siku. Huku kwetu ukimshtaki bibi kisa picha, ukoo mzima unakuitia kikao!

Ila angalia picha ya kawaida tu, mtoto anakata keki shuleni. Sweta ina nembo ya shule, keki imeandikwa jina na namba 6, na mama ameposti siku hiyohiyo "happy birthday mwanangu", kwahiyo mtu asiyemjua kashapata jina, sura, shule na tarehe ya kuzaliwa bila kumuuliza yeyote. Wengine wanaficha uso kwa emoji na sweta inasomeka vizuri kabisa, sijui huwa wanamficha nani.

Ufaransa ndo wamemgusa mzazi. Sheria ya 2020 ya watoto wanaotengenezewa video za pesa inampa mtoto haki ya kuomba zifutwe bila kungoja mzazi akubali, na ile ya Februari 2024 inataka wazazi wamshirikishe mtoto kuhusu picha zake kulingana na umri na akili yake, wakivutana jaji anaweza kumkataza mmoja asiposti bila ruhusa ya mwenzake. Kwa Kenya, saini inayohitajika bado ni ya mzazi.