Sili Mpya Ikivuja, Usiianze Hukumu na Sili

"Fundi, sili hii ni feki." Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, leo nayajibu kwa maandishi. Gari la zamani linaletwa gereji kwa sababu linavuja oili. Giaboksi inashushwa, sili ya nyuma ya krenki (pete inayozuia oili isitoke pale shafti kuu ya injini inapotokeza kuelekea giaboksi) inabadilishwa, kila kitu kinarudishwa, mwenye gari analipa. Baada ya siku chache doa jeusi liko palepale. Hukumu inatoka papo hapo: sili feki, au fundi tapeli. Inanunuliwa sili nyingine, giaboksi inashuka tena, na gari linavuja vilevile.

Sili feki zipo, sibishi. Lakini gari likirudi likivuja baada ya matengenezo, sili yenyewe huwa naifikiria mwisho kabisa.

Kwanza tuelewane kuhusu doa la chini. Oili inapodondokea mara nyingi sipo inapotokea. Inafuata mteremko, na gari likiwa mwendoni upepo unaisukuma nyuma. Gasketi ya kava la tapeti, kile kifuniko cha juu ya injini, ikivuja upande wa nyuma, oili inateremka kwenye bloku, yaani mwili wa injini, mpaka pale injini inapoungana na giaboksi, kisha inadondoka mahali hasa ambapo sili ya nyuma ingeidondosha. Swichi ya presha ya oili hufanya hivyohivyo. O-ringi ya distribyuta pia, na zile pulagi za mpira zenye umbo la nusu mwezi zinazokaa mwisho wa hedi, sehemu ya injini iliyo juu ya bloku, kwenye baadhi ya injini. Ukilala chini na kuchungulia, vyote hivyo vitakuonyesha sili ya nyuma. Kwa hiyo anzia juu ushuke. Osha injini, ikauke, endesha kidogo, halafu tafuta alama ya oili iliyo juu kuliko zote. Usipoiona, changanya rangi ya kung'aa kwenye oili na umulike kwa taa ya UV. Mtu anayeshusha giaboksi kabla ya kuosha injini anabahatisha kwa fedha ya mwenzake.

Na ukishatengeneza, osha tena. Oili ya zamani iliyojificha juu ya kinga ya chini ya injini itaendelea kudondoka hata kama uvujaji umekwisha.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi hasa: njia ya kupumulia ya injini. Karibu hakuna anayeikagua.

Hakuna ringi za pistoni zinazoziba kwa ukamilifu. Kila mlipuko ndani ya silinda unapitisha gesi kidogo kwenda chini, kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Injini ya zamani ambayo ringi zimekula hupitisha nyingi zaidi. Gesi hiyo lazima itoke, na njia yake ni valvu ya PCV (valvu ya kutolea gesi ya ndani ya injini) pamoja na mipira inayoirudisha kwenye manifoldi ya kuingizia hewa ili ichomwe. Valvu ikiganda kwa masizi, au mpira ukibonyea na kuziba, presha inapanda ndani ya injini. Sili ya krenki imeundwa kuzuia oili inayorushwarushwa na shafti. Haikuundwa kuhimili presha ya gesi inayoisukuma kutoka ndani. Mdomo wake unainuliwa, oili inapita. Unaweka sili mpya, nzuri kabisa, presha ni ileile, inavuja. Unaweka ya tatu. Au sili mpya inashika kweli, basi presha inahamia kwenye gasketi dhaifu inayofuata, na mwenye gari anasema fundi ameziba hapa akatoboa pale.

Kuna kipimo cha haraka. Injini ikiwa moto na ikizunguka taratibu, fungua kifuniko cha kujazia oili, weka kipande cha karatasi juu ya tundu. Kwenye injini nyingi zenye PCV nzima karatasi itavutwa kidogo. Ikirushwa juu kwa nguvu, acha mambo ya sili, kagua njia ya kupumulia kwanza. Lakini nisikudanganye: kipimo hiki si hakimu. Zipo injini ambazo upepo wa vali na kamshafti unaichezesha karatasi hata zikiwa salama, na zipo zinazopumua vizuri taratibu lakini zinazidiwa zikipanda mlima. Mimi nikiwa na shaka naunganisha geji ya presha ndogo kwenye tundu la kijiti cha oili na kuipandisha injini mzunguko. Na kama njia ni safi lakini presha bado ipo, ringi zimechoka. Hapo sili haitakusaidia, ubadilishe mara ngapi. Ni habari mbaya, na mwenye gari anastahili kuisikia kabla hajalipia sili nyingine.

La tatu ni krenki yenyewe. Mdomo wa sili ukikaa sehemu moja miaka mingi unachimba mfereji kwenye chuma. Pitisha ukucha: ukikwama, sili mpya ikiwekwa kina kilekile itakaa ndani ya mfereji uleule. Nyumba ya sili ikiruhusu, iingize tofauti kidogo ili mdomo uguse chuma kizima, au vika krenki bushi nyembamba ya ukarabati. Halafu soma karatasi iliyokuja na sili. Yenye mdomo wa mpira hupakwa oili kabla ya kufungwa. Yenye mdomo wa teflon, nyingi hufungwa kavu na kuachwa saa kadhaa kabla ya kuwasha. Wapo wanaopaka oili kila kitu kwa mazoea.

Oili filta: hakikisha mpira wa zamani haukubaki umeganda kwenye bloku. Mipira miwili ikipandana, oili itamwagika yote.

Kuhusu "kaza zaidi" na "ongeza silikoni", naomba yaishe. Bolti ndogo za milimita 6 zinazoshika sampu ya bati na kava la tapeti huhitaji nguvu ndogo, mara nyingi karibu na Nm 10. Ukizikaza kwa hasira bati linabonyea kwenye matundu na kunyanyuka katikati yake, na gasketi mpya haipati pa kulalia. Nyoosha bati kwanza. Silikoni nayo inataka chuma kikavu kisicho na oili hata kidogo, na muda wa kuiva ulioandikwa kwenye tyubu. Ukiijaza kupita kiasi, ziada inaingia ndani, inakatika vipande, inakwenda kuziba chujio la pampu ya oili. Ulikuwa unapoteza matone, sasa unapoteza injini.

Dawa za kumimina za kuzuia kuvuja? Nyingi hulainisha na kuvimbisha mpira uliokauka. Kwenye sili iliyokakamaa tu nimeona zikipunguza uvujaji, kwa hiyo siwezi kusema ni uongo mtupu. Ila mpira ukilainishwa sana unaharibika, na mfereji wa krenki au PCV iliyoziba haiponi kwa kumimina. Oili nzito zaidi nayo hupunguza matone bila kutibu kitu.

Na upo uvujaji ambao mimi mwenyewe nauacha. Sili ya nyuma inayolowanisha tu, oili kwenye kijiti inashuka kidogo sana kati ya sevisi moja na nyingine, klachi haijaguswa na oili: pima oili kila wiki, subiri siku giaboksi itakaposhuka kwa sababu nyingine. Lakini oili inayofika kwenye ekzosti hainisubirishi, kwa sababu inaweza kuwaka. Inayoingia kwenye belti ya taiming vilevile: ziba, na belti ibadilishwe siku hiyohiyo.