Pedi za breki kulika upande si suala la alaimenti

"Pedi zimelika upande, gari inataka alaimenti." Maneno haya husemwa na madereva, na wauza vipuri, na hata mafundi ambao mikono yao ni mizuri kuliko maelezo yao. Nusu ya kwanza huwa kweli. Nusu ya pili humpeleka mtu kulipia alaimenti, yaani mashine ya kupima na kunyoosha pembe za magurudumu, wakati ugonjwa umebaki palepale kwenye breki.

Pedi ni vile vibao viwili vya chuma vyenye nyama ngumu inayobana diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, kimoja ndani, kimoja nje. Zikiwa mpya nyama yake huwa kama milimita 10 hadi 12. Ikifika 3, badilisha. Kulika upande ni pedi moja kuisha mapema kuliko mwenzake, au pedi hiyohiyo kubaki nene mwisho mmoja na nyembamba mwisho wa pili, au gurudumu la kushoto kumaliza pedi huku la kulia likiwa bado bichi. Tofauti ya milimita moja kati ya ndani na nje ni ya kawaida.

Kinachochanganya watu ni tairi, kwa sababu nalo hulika upande, na huko alaimenti ni mshukiwa halali. Pembe ya gurudumu ikiharibika, tairi hukanyaga barabara kwa ukingo mmoja. Pedi haikanyagi barabara. Kalipa, kile chuma kinachozishika pedi na kuzibana, imefungwa kwa boliti kwenye chuma kilekile kinachobeba habu (kitovu cha gurudumu), na diski imekaa kwenye habu hiyo. Gurudumu likiinama, kalipa na diski huinama pamoja, kwa hiyo namna pedi inavyokutana na diski haibadiliki hata kidogo.

Tafuta kitu kisichoteleza. Gari ndogo nyingi tunazoendesha, Vitz, IST, Passo na wenzao, kalipa zake za mbele zina pistoni moja tu, upande wa ndani. Ukikanyaga, mafuta ya breki husukuma pistoni, nayo husukuma pedi ya ndani mpaka igote kwenye diski. Ikishagota, mwili wa kalipa ndio unaosogea kinyume, ukiteleza kwenye pini zake mbili, na kuivuta pedi ya nje ibane upande wake. Ukiachia, raba inayoizunguka pistoni, iliyokuwa imejipinda, hunyooka na kuirudisha pistoni kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni. Pini zikikauka kwa kutu au grisi ikigeuka gundi (na hewa ya chumvi ya Tanga, Dar na Mombasa haisaidii), kalipa haitelezi tena, na pedi ya ndani hufanya kazi ya wawili. Pistoni yenye kutu nayo hugoma kurudi, na inayoumia ni ileile ya ndani. Ikiwa ya nje ndiyo iliyokwisha, mara nyingi kalipa ilisogea ikanasa hukohuko. Pedi iliyolika mshazari huashiria pini moja kati ya mbili, au pedi yenyewe kunasa kwenye vishikizo vyake.

Wenye Prado au Land Cruiser 100 hadithi yao ni tofauti. Kalipa za mbele za hizo hazitelezi kabisa. Zina pistoni nne, mbili kila upande, na pedi ikilika vibaya unaangalia ni pistoni ipi imelala.

Sasa kuna tiba inayoniudhi kuliko hata hiyo alaimenti: kupiga msasa pedi ili zilingane, au kufunga pedi mpya na kumwambia mteja kazi imeisha. Pedi mpya kwenye kalipa iliyokwama zitakwisha kwa mchoro uleule. Vua gurudumu, chomoa pini, zisafishe, zipake grisi ya breki. Si ile ya bearingi: grisi ya petroli huvimbisha raba za breki, na pini hukwama upya. Pini moja ikiwa na raba nchani, irudi kwenye tundu lake, usibadilishane. Mpira wa vumbi uliochanika ubadilishwe, la sivyo maji na vumbi vitarudi kwa njia ileile.

Kisha sukuma pistoni irudi ndani kwa jiliwa. Ikigoma, legeza nati ya kutolea upepo ujaribu tena. Ikirudi kirahisi sasa, pistoni haina kosa; kitu huko juu kinazuia mafuta kurudi, na mara nyingi ni hozi, bomba la raba linaloleta mafuta kwenye kalipa, iliyovimba kwa ndani, ambayo kwa nje huonekana nzima kabisa. Ikiendelea kugoma, kalipa ifunguliwe. Kalipa za nyuma zenye hendibreki ndani yake mara nyingi pistoni huzungushwa ikisukumwa. Ukiilazimisha kwa jiliwa utaiua. Pedi zibadilishwe magurudumu yote mawili, kushoto na kulia.

Na usingoje mlio. Kile kibati kinachopiga kelele pedi ikikaribia kuisha, kwenye gari nyingi hufungwa kwenye pedi moja tu ya kila gurudumu, aghalabu ya ndani. Ya nje ikitangulia kuisha, gari litakaa kimya mpaka chuma kikutane na chuma.

Kama kilichokupeleka kwenye alaimenti ni gari kuvuta upande, basi kabla ya kulipa endesha kidogo bila kutumia breki sana, usimame, usogeze mkono karibu na rimu za mbele bila kuzigusa. Rimu moja ikitoa joto kuliko ya upande wa pili, na gari ikawa inavutia hukohuko kwenye joto, breki ya upande huo haiachii. Ifunguliwe kwanza. Alaimenti ipimwe baada ya hapo, ikiwa gari bado inavuta.